Je, Aliyeokoka Peke Yake Ameokoka?

Swali hili laonekana jepesi. Chombo kimezama, watu wote wamekufa maji, na mmoja tu amefika pwani akiwa hai. Basi huyo ameokoka, na habari imekwisha. Ndivyo tusemavyo, wala hatukosei, maana uhai ni jambo la kwanza, na maiti hana swali la kujiuliza. Walakini tukimfuata mtu huyo baada ya siku ya kwanza, tukamtazama akila peke yake, akilala peke yake, na kusema maneno yasiyojibiwa na mtu, twaanza kuona shaka. Mikono anayo, lakini ampokee nani? Jina analo, lakini nani amwite? Wazee wetu walijibu kwa maneno machache sana waliposema, Mtu ni watu. Lakini methali hutaja kweli bila kuifafanua, na kufafanua ni kazi ya waalimu. Nataka kulifafanua neno hili kwa msaada wa picha moja ya sinema ambayo wengi hawaijui, na ambayo wengi wa walioijua wameisahau.

Picha hiyo yaitwa The World, the Flesh and the Devil, yaani Ulimwengu, Mwili na Ibilisi, maneno ambayo Wakristo wameyatumia tangu zamani kuwataja adui watatu wa roho ya mtu. Ilitengenezwa Marekani, ikatolewa na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer mwaka 1959. Aliyeandika mchezo na kuuongoza ni Ranald MacDougall, na asili yake moja ni kitabu cha M. P. Shiel kiitwacho The Purple Cloud, kilichotoka mwaka 1901, ingawa katika picha mambo mengi yamebadilishwa. Wachezaji waonekanao ni watatu tu: Harry Belafonte, mwimbaji mashuhuri mweusi, Inger Stevens, mwanamke mzaliwa wa Sweden, na Mel Ferrer. Ni moja katika hadithi zile za kubuni zinazouliza sayansi yaweza kuwaletea wanadamu mambo gani. Haina vyombo vya kwenda kwenye nyota, wala viumbe wa ajabu. Ina mji mkubwa usio na watu, basi.

Mwaka ule ule ilitoka picha nyingine juu ya dunia iliyoangamizwa kwa silaha za atomi, On the Beach, iliyoongozwa na Stanley Kramer. Hiyo ilipata sifa kubwa, na hata leo hutajwa. Hii ya kwanza ilibaki nyuma, kama mtoto mdogo anayefuata msafara wa wakubwa. Sisemi kwamba haina makosa. Nitayataja makosa yake kwa wakati wake. Nasema kwamba yatufundisha jambo moja ambalo picha nyingine za namna hii hazikulitambua, nalo ni hili: upweke wa mtu aliye peke yake si upweke mbaya kupita wote. Uko mwingine mbaya zaidi, nao hukaa kati ya watu wawili walioketi mahali pamoja.

Tuitazame hadithi yenyewe. Yaanza chini ya ardhi. Ralph Burton ni mkaguzi wa migodi, mtu mweusi. Yumo katika mgodi huko Pennsylvania, na mara mwamba waporomoka na kumfungia njia. Kwa siku kadhaa asikia watu upande wa pili wakichimba ili kumtoa, naye apata matumaini, maana kwa aliyefukiwa sauti ya sururu ni sauti ya ndugu. Kisha sauti zapungua; kisha zakoma kabisa. Hajui kwa nini. Aona kwamba asipojitoa mwenyewe atafia humo, basi apigana na mawe na udongo mpaka atokea juani. Hakuna mtu wa kumpokea. Magazeti yaliyotupwa, na sauti zilizohifadhiwa katika nyumba ya redio, zamweleza sababu. Taifa moja lilitumia sumu ya atomi kuwa silaha. Sumu ikawashinda walioitupa, ikaenea duniani pote pamoja na vumbi, na kwa muda wa siku tano ikawaua watu. Aliyefukiwa ndiye aliyesalia.

Ralph ashika njia kwenda New York, kwa kuwa akili yamwambia kwamba mji uliokuwa na mamilioni ya watu hautakosa hata mmoja. Afika, aita, wala hajibiwi. Walioitengeneza picha walizipiga njia hizo za New York alfajiri na mapema, kabla watu hawajajaa mjini, hata macho yetu yaona majumba marefu yaliyosimama kama miamba, na mtu mmoja mdogo akitembea chini yake na kupiga kelele. Majumba yamrudishia sauti yake mwenyewe. Sijui mahali pengine katika sinema ambapo neno upweke limeonyeshwa waziwazi namna hii bila kutamkwa.

Sasa tuone afanyavyo mtu huyu, maana hapa pana somo la kwanza. Ralph si mvivu, wala hakati tamaa upesi. Achagua jumba la kukaa, atengeneza umeme wake mpaka taa zawaka, apanga vyombo vyake. Kila siku asema katika redio, asije akawako mtu mahali fulani anayesikiliza. Mikono yake ina kazi, na kazi ni dawa kubwa ya huzuni. Lakini si dawa ya kila ugonjwa. Jioni hana wa kumwambia alilolifanya mchana. Basi achukua sanamu za dukani, zile za kuvalishia nguo, aziweka nyumbani kwake kuwa wenziwe. Moja aipa jina. Asema nazo, afanya nazo mzaha, azilaumu. Mwisho sanamu moja yamchukiza kwa tabasamu yake isiyobadilika, aishika na kuitupa chini kutoka juu ya jumba.

Msomaji aweza kucheka hapo, au kusema kwamba mtu huyo ameanza kurukwa na akili. Mimi naona kwamba akili yake imefanya kazi sawasawa. Kwa nini ile sanamu haikumfaa? Ilikuwa na uso wa mtu, ikavaa nguo za mtu, na tabasamu yake ilikuwa nzuri kuliko za watu wengi. Haikumpinga hata siku moja. Hilo ndilo kosa lake. Kitu kisichoweza kukukataa hakiwezi kukukubali pia. Tunapofurahi kwamba rafiki ametutembelea, furaha yetu yatoka katika kujua kwamba angaliweza kubaki kwake. Tunapofarijika kwa sifa ya mtu, ni kwa kuwa angaliweza kutulaumu. Ralph hakuhitaji uso wa kutazama. Alihitaji hiari ya mtu mwingine, iliyo nje ya amri yake. Na katika zama zetu, ambapo vipo vyombo vingi vya kutujibu, kutusifu na kutuchekea kila tupendapo, yafaa tuikumbuke sanamu ile na sababu ya kutupwa kwake.

Sanamu ianguka, na papo hapo sauti ya mwanamke yapiga yowe njiani. Ni Sarah Crandall, msichana mweupe, naye amedhani kwamba aliyeanguka ni Ralph, kwamba amejiua. Kumbe mji haukuwa na mtu mmoja, ulikuwa na wawili, na mmoja wao alikuwa akimtazama mwenzake kwa siri, wala hakuthubutu kujitokeza! Tutafakari hapo. Watu wawili wamebaki katika mji ule, kila mmoja anauguzwa na upweke, na dawa ya ugonjwa wa kila mmoja iko ng'ambo ya njia. Walakini hofu yamshika mmoja, ajificha. Yule aliyekuwa akiita hakujua kwamba anasikiwa. Nafikiri hali hii haikungoja mwisho wa dunia. Imo vijijini mwetu na katika nyumba zetu za mjini, ambapo mjane aishi mlango wa pili na jirani hupita kila siku akisema moyoni mwake, Kesho nitabisha hodi.

Twafika sasa kwenye kiini cha picha. Ralph na Sarah wawa marafiki. Acheka mmoja, acheka mwenzake. Amtafutia vyombo, amtengenezea simu. Lakini kila mmoja akaa katika nyumba yake, na Ralph ndiye atakaye iwe hivyo. Sarah aanza kumpenda, na kadiri amkaribiavyo, ndivyo Ralph arudivyo nyuma. Siku moja amwomba amkate nywele, na mikono ya Ralph yasita, kana kwamba ameombwa kutenda hatia. Siku nyingine Sarah ajisemea usemi uliokuwa umezoeleka Marekani siku zile, wa mtu kujigamba kwamba yu huru, yu mweupe, na ametimiza miaka 21, kwa hiyo hana wa kumzuia. Ausema bila nia mbaya, kama mtu asemavyo methali. Lakini kwa Ralph neno lile ni kisu. Amweleza waziwazi kwamba katika ulimwengu ule uliokufa asingalithubutu hata kufahamiana naye, na kwamba usemi huo umemwumiza.

Kisha siku ya kuzaliwa kwake Sarah yafika. Ralph amwandalia karamu katika ukumbi mzuri, apanga meza, awasha mishumaa, aweka muziki. Meza imeandaliwa, kiti kiko, chakula kiko, na walio hai katika mji ni wawili. Sarah amwomba aketi wale pamoja. Ralph akataa. Amejivika cheo cha mtumishi wa mezani, asimama pembeni, ajibu kwamba mtumishi hana ruhusa ya kuketi pamoja na wageni.

Mji hauna polisi wa kumkamata Ralph akiketi. Hakuna hakimu, wala mwenye ukumbi wa kumfukuza, wala wateja wa kunung'unika. Sheria zote zilizomkataza zimekufa pamoja na waliozitunga. Wala tusidhani kwamba zilikuwa sheria za kuchekesha. Mwezi wa Januari mwaka ule ule wa 1959, katika Jimbo la Virginia, mahakama iliwahukumu Richard Loving, mzungu, na mkewe Mildred, asiyekuwa mzungu, kwa hatia ya kuoana. Walipewa kifungo cha mwaka mmoja, nacho kikasimamishwa kwa sharti la kuhama jimbo hilo wasirudi pamoja kwa miaka 25. Ni mwaka 1967 tu ndipo Mahakama Kuu ya Marekani ilipozifuta sheria za namna hiyo. Huo ndio ulimwengu alioutoka Ralph. Sumu iliwaua wenye sheria kwa siku tano, lakini sheria haikufa. Ilikwisha kuandikwa mahali pengine, ndani ya mifupa ya mtu aliyeonewa nayo.

Hapa atatokea msomaji mwenye bidii, naye atasema: Basi kosa ni la Ralph. Ameokoka, amepata mwenzi, naye aharibu bahati yake kwa kinyongo. Mbona asisahau? Swali hili lastahili jibu la adabu, maana huulizwa sana, na aghalabu huulizwa na watu wema. Jibu langu ni kwamba mtu aliyenyimwa kiti mara elfu hakaripiwi kwa kuwa amesita mara ya kwanza anapopewa. Kusita kwake si kiburi, ni kumbukumbu. Mkono uliounguzwa huogopa hata jivu lililopoa, wala hatuuiti mkono mwovu. Zaidi ya hayo, anayemkaribisha bado hajajua anamkaribisha kutoka wapi. Sarah ni mwema, lakini usemi ule wa uhuru na weupe watoka kinywani mwake kama pumzi. Kabla Ralph hajaweza kuketi, hapana budi Sarah asikie alilolisema. Upatanisho una kazi mbili: mmoja ajifunze kuketi, na mwenziwe ajifunze kwa nini kuketi kulikuwa vigumu. Kazi ya pili ndiyo isahauliwayo, maana ni nyepesi kusema Njoo kuliko kuuliza, Nani alikuzuia?

Wala sisemi kwamba Ralph aweza kusimama pembeni ya meza maisha yake yote na akawa salama. Wahenga walisema, Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Dhuluma iliyomtia jeraha haikuwa yake, lakini jeraha sasa ni lake, na hakuna mtu mwingine duniani awezaye kuliponya bila yeye kukubali. Hili ni neno gumu, nami nalisema kwa uzito. Mdhalimu akifa, hulazimika mdhulumiwa kuamua kama ataendelea kuzitii amri za maiti.

Ndipo atokeapo mtu wa tatu. Benson Thacker, mzungu, afika kwa mashua, naye ni mgonjwa karibu na kufa. Ralph na Sarah wamwuguza mpaka apona. Kupona kwake kwaleta taabu. Amtaka Sarah, na amwona Ralph kuwa kizuizi. Ralph naye, kwa unyonge wake wa zamani, ajitenga ili kumwachia mwenzake nafasi, lakini moyo wakataa kuuhama mji. Hakuna anayemwuliza Sarah ipasavyo yeye mwenyewe ataka nini, na picha yaonyesha uchungu wake kwa kugawanywa kama shamba. Mwisho Ben amwambia Ralph kwamba watakapoonana tena atamwua. Washika bunduki. Watu wawili katika mji uliotosha mamilioni wawindana njiani, kana kwamba nafasi haitoshi!

Mwandishi wa mchezo huo aliona mbali. Vita iliyoumaliza ulimwengu twaisikia kwa magazeti tu. Hatuoni hata maiti mmoja. Vita tunayoiona ni hii ya watu wawili, nayo yatuonyesha ile kubwa ilivyozaliwa. Sumu ya atomi haikutoka mbinguni. Ilitengenezwa na watu ambao kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye amzibiaye njia. Ralph na Ben wameokoka katika vita, lakini vita haikuwaokoka wao. Naye aliyebeba ndani yake sababu ya maangamizi aweza kuyaanza tena akiwa na bunduki moja na risasi chache.

Mbioni Ralph afika mbele ya majengo ya Umoja wa Mataifa. Hapo, ng'ambo ya njia, pana ukuta wenye maneno ya Nabii Isaya, yale ya mataifa kufua panga zao ziwe majembe, wasijifunze vita tena. Ukuta huo uko kweli mjini New York, na mgeni yeyote aweza kwenda kuusoma. Waliouandika wamekufa katika hadithi. Waliopaswa kuusoma wamekufa. Na mwanadamu mmoja mwenye bunduki mkononi ndiye aliyebaki wa kuambiwa. Ralph asoma. Aitupa bunduki yake. Kisha arudi kumkabili Ben akiwa mikono mitupu. Ben amlenga, lakini hawezi kumpiga. Ageuka aende zake. Sarah aja, ashika mkono wa Ralph; na Ben anapoondoka, amwita, ampa mkono wa pili. Watatu watembea pamoja katika njia ile tupu, na maneno yatokeayo hayasemi kwamba ni mwisho, bali kwamba ni mwanzo.

Nimeahidi kutaja makosa, nami nitayataja. Kwa upande wa sayansi, sumu iuayo dunia nzima na kutoweka baada ya siku tano ni ya kubuni tu, na kukosekana kwa maiti katika mji mzima hakuelezwi. Makubwa zaidi ni ya upande wa ujasiri. Picha yasema juu ya ukuta kati ya mweusi na mweupe, lakini yenyewe yauogopa: Ralph na Sarah wapendana, wala hatuwaoni wakibusiana hata mara moja. Mpaka mwaka 1956 kanuni za watengenezaji wa sinema wa Marekani zilikuwa zikikataza kabisa kuonyesha mapenzi ya watu wa rangi hizo mbili, na hofu haikuondoka siku kanuni ilipoondolewa. Tena mwisho ule wa mikono mitatu waacha maswali mengi bila jibu. Belafonte mwenyewe, ambaye kampuni yake ilishiriki kuitengeneza picha, hakuridhika nayo. Walakini naona kwamba kasoro hii yenyewe ni ushahidi. Kama Ralph alivyosimama pembeni ya meza, ndivyo na picha yake ilivyosimama pembeni ya neno ililotaka kulisema. Mwenye kuitazama kwa makini aona Marekani ya mwaka 1959 mara mbili, katika hadithi na katika woga wa wasimulizi wake.

Yafaa sisi wa Afrika Mashariki tujue pia mchezaji huyo alikuwa nani, maana kuna kiungo cha kweli kati yake na sisi. Harry Belafonte alizaliwa New York mwaka 1927, akakaa sehemu ya utoto wake Jamaica, akafariki mwezi wa Aprili mwaka 2023 akiwa na miaka 96. Mwaka ule ule wa 1959, picha hii ilipokuwa ikionyeshwa, Tom Mboya wa Kenya alikwenda Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa nchi yake. Vyuo vilitoa nafasi, lakini nauli ya kuvuka bahari haikuwako. Barua ya kuwaomba watu fedha ilitiwa sahihi na watu watatu weusi waliokuwa na jina kubwa: Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, Sidney Poitier, mchezaji wa sinema, na Belafonte. Fedha zikapatikana, na mwezi wa Septemba ndege ikawachukua wanafunzi 81. Baadaye, mwaka 1965, Belafonte na Miriam Makeba walitoa sahani ya nyimbo za Kiafrika, na ndani yake mliimbwa Malaika, kwa Kiswahili chetu hiki.

Sikulitaja jambo hilo ili kumpamba mtu. Nimelitaja kwa sababu lajibu swali la picha kuliko picha yenyewe ilivyojibu. Katika hadithi, mtu mmoja asema katika redio kila siku, asijue kama kuna asikiaye. Katika maisha, mtu yule yule alisikia sauti ya watu asiowajua, walio ng'ambo ya bahari mbili, akajibu kwa kalamu na kwa mfuko. Hakungoja dunia iishe watu ndipo athamini watu.

Labda mwingine atauliza: Je, upweke wote ni mbaya? Manabii walikwenda jangwani. Mwanafunzi hutafuta chumba kimya. Mama mwenye watoto wengi hutamani saa moja ya kuwa peke yake. Kweli. Lakini huo ni ukimya wa mtu mwenye mahali pa kurudi. Aendaye jangwani akijua kwamba kijiji kiko ameenda kupumzika au kusali. Aendaye jangwani kwa kuwa kijiji kimemfukuza ameadhibiwa. Tofauti si wingi wa watu walio karibu, bali ni kama mlango uko wazi. Ralph alipokuwa na sanamu zake hakuwa na mlango. Alipopata Sarah, mlango ulikuwapo, na ulikuwa umefungwa kwa ufunguo uliotengenezwa na watu wengine kabla hajazaliwa.

Basi nawashauri waalimu wenzangu, popote wapatapo njia ya kuipata picha hii, waitazame pamoja na wanafunzi wao wakubwa. Si ndefu, haizidi saa mbili, nayo haina rangi ila nyeusi na nyeupe, jambo ambalo halikuipunguzia uzuri. Wasiwaambie wanafunzi mapema maana yake ni nini. Wawaulize maswali matatu baada ya kuitazama. Kwa nini Ralph aliitupa ile sanamu? Kwa nini hakuketi mezani? Kwa nini Ben hakumpiga risasi? Mwanafunzi atakayeyajibu haya kwa akili yake mwenyewe atakuwa amejifunza juu ya upweke, juu ya dhuluma, na juu ya amani, na kwamba mambo hayo matatu ni ya ukoo mmoja.

Nami nitajibu swali nililoanza nalo. Aliyeokoka peke yake ameokoka mwili, na mwili ni neema, tusiudharau. Lakini wokovu wake haujatimia mpaka awepo mtu wa kuketi naye, mwenye hiari ya kukubali na ya kukataa. Na mtu huyo akipatikana, haujatimia bado mpaka kila mmoja akubali kulipa gharama ya kiti. Kwa aliyeonewa, gharama ni kuthubutu. Kwa aliyefaidi uonevu, hata bila kujua, gharama ni kusikiliza maneno machungu bila kujitetea. Kwa wenye bunduki wote, gharama yajulikana. Sisi hatujafikiwa na sumu ile, na njia zetu zimejaa watu asubuhi na jioni. Basi tuwatazame wale tunaopishana nao, na tujiulize ni yupi kati yao anayeita na kudhani kwamba hasikiwi.